Habari iliyochelewa: daftari la mama wa maktaba na kitabu kilicholala Igamba

Najua nimepotea, majaribio yalinibana na bumu lilivyochelewa ndio usiseme. Leo Jumamosi vimbweta vyote vimejaa watu wanapiga msuli, mimi nimeamua kuwaandikia. Kuna kitu nimekutana nacho maktaba kikaninyima usingizi siku mbili.

Ilikuwa hivi. Alhamisi nilienda kaunta kuazima kitabu. Pale kuna mama mmoja mtu mzima, sote tunamwita mama tu. Nikampa shikamoo, akapokea kadi yangu, akasoma jina la ukoo, akanitazama usoni.

"Mwanangu, wewe wa wapi?"

"Mbozi, mama. Igamba."

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Kuna kitabu chetu kililala Igamba kipindi cha korona! Nilimpigia huyo kijana simu mpaka vocha zikaniishia."

Jamani, huyo kijana ni kaka yangu.

Niwaeleze kidogo wasiopajua. Igamba ni Mbozi, mkoa wa Songwe ule uliozaliwa 2016 ulipomegwa kutoka Mbeya. Ni nchi ya kahawa na mahindi. Mwaka 2020 nilikuwa kidato cha pili, kaka alikuwa mwaka wa pili chuo hiki hiki. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Tarehe 17 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule, tarehe 18 vikafuata vyuo. Kaka akashuka kwenye basi na begi moja, na ndani ya begi kitabu kinene cha historia ya Tanganyika, mali ya maktaba, kilichopaswa kurudi Ijumaa ya wiki ileile.

Tulikaa nacho siku 75. Mchana tunavuna mahindi, usiku ananisomea kwa taa ya sola. Humo ndimo niliposikia mara ya kwanza habari za mwaka 1918. Nikishamaliza hayo nitarudi kwa mama, maana mambo haya mawili ni ndugu.

Mwaka 1918 vita ya Wajerumani na Waingereza ilikuwa inakaribia mwisho, na ilikuja kuishia upande wa kwetu. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilitoka Songea na Njombe, likakatiza nchi ya Mbozi, na mwanzoni mwa Novemba likashambulia boma la Fife, ng'ambo tu ya Tunduma. Likaendelea kushuka hadi Kasama. Tarehe 11 Novemba Wazungu wakasaini huko Ulaya kuacha vita. Lakini nani wa kumwambia mtu aliye porini? Habari ilimfikia Lettow-Vorbeck tarehe 13, karibu na mto Chambeshi. Katikati ya siku hizo watu walikuwa bado wanapigana vita ambayo imeshakwisha! Silaha zenyewe zilikuja kuwekwa chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba.

Na kulikuwa na adui mwingine asiyebeba bunduki. Mafua makali ya mwaka ule yalikuwa yameingia Afrika kupitia bandari, Mombasa upande wa kwetu na Cape Town kule kusini, kisha yakapanda reli na kufuata njia za wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliopita katika vita ile walikaribia milioni moja, na kwa hesabu za serikali yao zaidi ya 95,000 walikufa, wengi kwa maradhi. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku limetokana na hao. Mpagazi alibeba unga, risasi, barua za wakubwa na ugonjwa, vyote kwa kichwa kimoja, na hakuna aliyemweleza ni ugonjwa gani wala ajikinge vipi. Barua aliibeba lakini haikuwa yake.

Haya, turudi maktaba.

Nilimwuliza mama, nyinyi mlijuaje la kufanya? Sisi tuliondoka, nyinyi mkabaki. Akasema habari ya chuo kufungwa aliisikia kwenye redio ya daladala, sawa na kondakta. Alipofika kazini akakuta foleni ya wanafunzi na mabegi, wengine wanarudisha vitabu, wengine wanauliza kama waondoke navyo. Yeye hana agizo lolote. Akawaambia waliokuwa na haraka, nendeni navyo, Mungu atatukutanisha.

Kumbukeni kwamba kwetu Tanzania hakukuwa na amri ya nchi nzima kujifungia ndani kama majirani zetu wengine. Wafanyakazi waliendelea kwenda kazini. Kwa hiyo maktaba ile ilikuwa na wahudumu, walinzi, wafagiaji na vitabu, wasomaji hakuna. Wakapangiwa zamu, nusu leo, nusu kesho. Sasa zamu ilitangazwa wapi? Kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Mama alikuwa na kitochi. Wiki ya kwanza alikuja siku mbili ambazo si zake, akasimama nje ya mlango uliofungwa na nauli ikiwa imeteketea. Mfagiaji mmoja yeye alikosa siku tatu ambazo ni zake, nusura aandikiwe utoro.

Basi bwana, mkubwa wa kitengo chao (mama anamsifu sana, amehamia chuo kingine) akaona hapana. Akaanzisha utaratibu wa ujumbe wa kawaida wa simu, kila siku saa 12 jioni, kwa kila mtu bila kubagua, kuanzia wakutubi wenye shahada hadi mlinzi wa geti. Ujumbe ulikuwa na mambo matatu. Kwanza, nani yuko zamu kesho. Pili, nini kimebadilika. Tatu, nini bado hatujui.

Hilo la tatu mama alilirudia mara mbili. "Mwanangu, hilo ndilo lililotutuliza. Mkubwa akikuambia sijui, nikijua nitakuambia, unalala. Akinyamaza, unaanza kusikiliza ya sokoni."

Na ya sokoni yalikuwa mengi, mnakumbuka. Mwaka 2020 takwimu za mwisho zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kimya cha mwaka mzima. Mwanzoni mwa Mei Rais Magufuli akaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipopelekwa maabara majibu yalionyesha zina ugonjwa. Mwezi huohuo Zambia ikafunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wengi kugundulika pale, malori yakajipanga Tunduma, na sisi Igamba kila aliyerudi kutoka Tunduma anakuja na habari yake. Huyu anasema nyungu, huyu tangawizi, huyu anasema ugonjwa wenyewe haupo.

Simu ya mama ilikuwa inajaa ujumbe upesi. Kwa hiyo kila jioni kabla ya kufuta aliunakili kwenye daftari la shule la mjukuu wake. Ijumaa alinionyesha. Wadau, mimi nasoma historia, nimeshashikishwa nyaraka za wakoloni na glavu, lakini mikono ilinitetemeka zaidi kwa daftari hili lenye jedwali la kuzidisha nyuma.

Ukilisoma unaona maktaba inavyojifunza siku hadi siku. Kuna ukurasa wa majarida ya mtandaoni. Majarida mengi ambayo chuo kinalipia hufunguka kwa kutambua mtandao wa chuo, ukiwa kwenu kijijini milango imefungwa. Mengine, kama yale ya mpango wa Research4Life ambayo vyuo vya nchi kama yetu hupata bure au kwa bei ndogo, yana neno la siri linalotunzwa na mkutubi. Ujumbe unasema, mwanafunzi wetu akipiga simu msimwambie tumefunga, chukueni jina na namba ya usajili, mkutubi wa zamu atampigia amwelekeze. Kaka alipigiwa! Alipanda kichuguu nyuma ya shamba la kahawa kutafuta mtandao, akapata makala mbili. Siku zote alidhani ni bahati yake.

Kisha kuna ukurasa wa Juni. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020, pamoja na kidato cha sita. Vitabu vikarudi kwa mafurushi, na swali likawa, je, kitabu kinaambukiza? Kule Marekani mradi mmoja wa maktaba uitwao REALM ulikuwa unapima virusi kwenye majalada na karatasi. Majibu ya kwanza, Juni ileile, yalionyesha kwamba baada ya siku 3 virusi havikuonekana tena kwenye vifaa vilivyopimwa. Mkubwa akayasoma, saa 12 jioni ujumbe ukatoka, vitabu vilale kwenye boksi siku 3, kila boksi liandikwe siku. Baadaye mradi ukatoa mengine, kwamba vitabu vikirundikwa virusi vilikuwa bado vinaonekana hata siku ya 6. Daftari nalo likabadilika, wiki nzima, na msirundike. Mwaka 2021 ikaja kufahamika kwamba hatari kubwa ni hewa, kugusa vitu ni hatari ndogo. Ujumbe wake ni mfupi kuliko wote, "Acheni maboksi, fungueni madirisha."

Mtu anaweza kucheka, mbona walibadilika badilika? Mimi naona ndiyo heshima yenyewe. Walibadilika kwa sababu kuna mtu alisoma, na aliposoma hakubaki nayo kichwani.

Lakini sitaki kuwapaka mafuta. Siku ya kwanza ya kufungua kulikuwa na kaunta mbili. Ya mama ilijua kwamba faini ya siku za kufungwa imesamehewa. Ya pili alikaa kijana wa mkataba ambaye namba yake haikuwa kwenye orodha ya ujumbe, naye akatoza. Kaka alisimama foleni ya huyo kijana. Alilipa faini ya siku zote za kuchelewa kwa pesa ya kula, akashinda na njaa, na hakuambiwa kitu. Nilipomsimulia mama alinyamaza muda mrefu. Akasema tu, "Namba moja mwanangu. Namba moja ilisahaulika."

Na kuna ukurasa wa Februari 2021. Ndio mwezi ambao Maalim Seif na Balozi Kijazi walifariki siku moja, tarehe 17. Wiki hiyohiyo maktaba ilimpoteza fundi wao wa kufunga vitabu. Ujumbe unasema amefariki baada ya kupata "changamoto ya upumuaji". Mnalikumbuka neno hilo? Lilikuwa kila mahali, watu wanazika na hawataji. Siku hiyo ule mstari wa tatu, wa mambo ambayo bado hatujui, haupo. Chini yake mama ameandika kwa kalamu yake mwenyewe, "Tulikaa naye chumba kimoja. Tuvae barakoa, hata wasiposema." Hakuna aliyemwagiza.

Ukurasa wa mwisho ni wa baadaye sana. Machi 2021 Rais Magufuli alifariki, Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, na tarehe 28 Julai 2021 akazindua chanjo kwa kuchanjwa yeye mwenyewe. Ujumbe wa wiki ile unataja kituo cha chanjo cha karibu na saa zake, na ule mstari wa tatu umerudi. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe.

Sasa kwa nini nimewarudisha hadi 1918? Kwa sababu maktaba, sawa na jeshi, huendeshwa na watu wa chini kabisa, na mara nyingi hao ndio wa mwisho kupata habari. Mpagazi wa Mbozi alibeba barua asiyosomewa. Mfanyakazi wa maktaba anazungukwa na habari zote za dunia lakini zamu yake ya kesho haijui. Tofauti ya kwetu ilikuwa ujumbe mmoja wa saa 12 jioni, tena kwa bei ya kitochi. Ulipofika maktaba ilitembea, na pale ulipomkosa mtu mmoja, kaka yangu alilala njaa.

Magonjwa hayajaisha. Marburg imeshafika Kagera mara mbili, 2023 na 2025. Itakuja siku milango ifungwe tena, na atatafutwa mtu anayekumbuka tulifanyaje.

Mama anastaafu mwaka huu. Nilimwuliza daftari atalipeleka wapi. Akasema, "Si la kuwashia jiko tu?" Wadau, moyo ulinipasuka. Wapagazi wetu hawakuacha daftari hata moja kwenye rafu hizi, mengi tunayojua juu yao yameandikwa na waliowabebesha. Nimemwomba, amekubali nilinakili lote kwanza, halafu tutampelekea mkutubi mkuu aliyepo sasa tuone kama litapewa namba na kuwekwa rafuni. Nimeshafika Mei 2020. Mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Nitawajulisha litakavyokuwa. Na kama bibi au mama yako alifanya kazi kipindi kile, mwulize leo kama aliandika chochote, kabla jiko halijawaka.

Ngoja niwahi kimbweta, kuna mtu anainuka.