Mvua haisimami kungoja radar

Mvuvi wa Tchomia au Kasenyi akiona wingu jeusi juu ya Ziwa Albert, haulizi tu liko wapi. Anauliza linaelekea wapi na litamfikia lini. Wataalamu wa radar walichukua miaka mingi kujibu swali hilo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia radar ilikuwa ya kutafuta ndege na meli, na mvua ilionekana kama uchafu unaoficha adui. Vita vilipoisha, uchafu ule ukawa ndiyo kazi. Lakini radar haioni mbingu yote kwa mara moja. Antena inazunguka, inainuliwa kidogo, inazunguka tena; picha nzima huweza kuchukua dakika 5 hata 10. Dhoruba inayokwenda kilometa 42 kwa saa imesogea kilometa 7 katika dakika 10. Hapa Bunia, kilometa 7 si kwa jirani tena.

Ukijumlisha picha hizo ili kujua mvua imenyesha kiasi gani, ramani inatoka na madoa: mvua nyingi hapa, pakavu pale, mvua nyingi tena mbele. Kumbe pale pakavu watu walilowa.

Mwaka 1953, kwenye chuo cha MIT kule Marekani, Myron Ligda alichunguza mwendo wa mvua kwenye radar. Mwaka 1978 Rinehart na Garvey walieleza njia yao katika jarida la Nature: gawa picha ya kwanza vipande vidogo, kiisha tafuta kila kipande kinafanana zaidi na sehemu gani ya picha ya pili. Tofauti ya mahali ndiyo mwendo. (Mvuvi anayetazama wingu, akashona wavu kidogo, akatazama tena, anafanya hesabu hiyohiyo.) Ukiupata mwendo, unaisogeza mvua dakika kwa dakika kati ya picha mbili, na madoa yanajazwa. Ukiendelea mbele, unapata utabiri wa muda mfupi.

Udhaifu upo: njia hii husogeza wingu lililopo, haijui litakalozaliwa. Na juu ya Ziwa Victoria dhoruba nyingi huzaliwa usiku, wavuvi wakiwa majini.

Ndiyo maana mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulioanza 2017, ulitumia radar ya Mwanza, Tanzania, kuchunguza dhoruba za ziwa hilo, na wavuvi wakapewa utabiri wao. Mradi ulikuwa wa Victoria. Ziwa Albert, tunalogawana na Uganda, halikuwamo.