Mahame ya Mtinko

Neno "mahame" limetokana na kitenzi "kuhama". Nilifundisha unyambuaji huo miaka mingi, lakini maana yake niliijua tangu utotoni, kwetu Mtinko, mkoani Singida.

Zamani Wanyaturu tuliishi kwa kutawanyika, kila ukoo na tembe zake: paa bapa la udongo juu ya miti, zizi ubavuni, mashamba ya uwele na mtama pembeni. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji ni amri, na kazi hiyo ikamilike kabla ya mwaka 1976 kwisha. Zamu yetu ilipofika, baba alibomoa paa ili aokoe nguzo. Bibi aliketi penye mafiga bila kusema neno, hata mkokoteni ulipojaa.

Sitaki kuidhulumu historia. Kijijini njia ya kwenda shule ilikuwa fupi, nami nikawa mwalimu. Lakini nguzo tulizibeba, majina tukayaacha. Kila kilima, mbuyu na kisima kilikuwa na jina lake la Kinyaturu. Kijijini tukatambulishana kwa balozi wa nyumba kumi.

Leo palipokuwa na zizi letu hujulikana kwa mtama uliokoza kijani. Mjukuu wangu aliniuliza pale paliitwaje. Nikanyamaza, kama bibi.

Wenzangu washairi, yaandikeni majina ya mahame ya kwenu, wangali hai wanaoyajua. Kamusi hazitatuhifadhia.