Mlango Mmoja, Vyungu Vitatu: Kaya za Wahamiaji katika Kaunti ya Montgomery

Kaunti ya Montgomery iko katika jimbo la Maryland, imepakana na jiji la Washington upande wa kaskazini. Takwimu zake zinasema kaya za wahamiaji zina watu wengi kuliko kaya nyingine. Kabla ya kulikubali hilo, sisi tunauliza: kaya ni nini?

Sensa ya Kenya huhesabu kaya kwa jiko. Wanaopika pamoja chini ya mkuu mmoja ni kaya moja, hata wakilala katika nyumba tofauti za boma lile lile. Marekani huhesabu kwa mlango. Wote wanaoishi ndani ya makazi yenye mlango wake ni kaya moja, wawe ndugu, wawe wapangaji wanaosalimiana kwenye ngazi tu. Kodi ya Montgomery si ya mchezo, kwa hiyo watu huchangia nyumba. Familia moja inalala chumba hiki, vijana wawili chumba kile, na kila mtu ana sufuria yake na rafu yake kwenye friji. Kwa sensa ya kwetu hizo zingekuwa kaya tatu ndogo. Huku ni kaya moja kubwa, na msomaji wa juujuu atadhani wahamiaji wanapenda tu kuzaa.

Kaunti hii haikujengwa kwa ajili yao. Mwaka 1950 ilikuwa na watu 164,401. Kufikia 1970 walikuwa 522,809. Waliojaza nyumba hizo mpya walikuwa hasa Wazungu, wengi wao wakifanya kazi katika ofisi za serikali kuu. Hati za viwanja vingi vya Silver Spring na Chevy Chase zilikataza kumuuzia au kumpangishia mtu mweusi, isipokuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama, lakini ubaguzi wenyewe katika kuuza na kupangisha nyumba haukupigwa marufuku na sheria ya nchi hadi 1968. Miaka mitatu kabla yake, sheria ya uhamiaji ya 1965 ilikuwa imeondoa mgawo wa kale uliowapendelea watu wa Ulaya. Sheria hizi mbili tunaona zisomwe pamoja, ingawa vitabu vingi huziweka katika sura mbalimbali. Viza peke yake isingemfikisha Mwafrika Silver Spring.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Waethiopia walikimbia baada ya mapinduzi ya 1974, na Wasalvador wakakimbia vita vya 1980 hadi 1992. Treni ya Metro ilifika Silver Spring mwaka 1978, ikamwezesha mfanyakazi asiye na gari kuishi nje ya jiji. Kisha ikaja bahati nasibu ya viza, iliyoanza kutolewa rasmi mwaka 1995, ambayo Waafrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 1,062,061, na takriban mmoja kati ya watatu amezaliwa nje ya Marekani.

Lakini hata jina "kaya ya wahamiaji" lina mtego. Tangu 1980 sensa ya Marekani imeacha kuuliza mkuu wa kaya ni nani. Humtazama mtu ambaye nyumba imemilikiwa au kupangwa kwa jina lake. Kama amezaliwa nje, nyumba nzima huandikwa ya wahamiaji, hata watoto wake wanne wakiwa Wamarekani tangu kuzaliwa. Na bibi aliyeletwa kutoka Tanga kulea wajukuu, akiishi kwa mkwe mzaliwa wa huku mwenye mkataba wa nyumba, hayumo katika kaya za wahamiaji.

Linalotugusa zaidi hapa chamani ni lugha. Tukiomba darasa la Kiswahili liongezwe, swali la kwanza ni wasemaji wangapi wako karibu nasi. Jibu hutafutwa katika utafiti wa kila mwaka wa Ofisi ya Sensa, unaotumwa kwa anwani takriban milioni 3.5 nchi nzima. Kwa miaka mingi jedwali lake la kawaida lilituweka katika fungu moja tu, "lugha za Kiafrika". Tangu 2016 jina letu limeonekana: "Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini". Ni hatua, ingawa Mzulu, Mganda na Mnyarwanda wamo humo humo pamoja nasi, na idadi inayosomwa si yetu peke yetu.

Fomu yenyewe huuliza ni lugha gani mtu anazungumza nyumbani zaidi ya Kiingereza, na nafasi ya kujibu ni ya lugha moja. Wenzetu wanaozungumza Kikikuyu au Kichaga na wazazi, na Kiswahili na kila mgeni anayeingia, walibishana sana katika kikao chetu kuhusu neno la kuandika hapo. Kikao kiliahirishwa bila jibu.