Fosfati za Urani na Alumini za Kobokobo: Historia ya Uainishaji Wake

1.0 Utangulizi

Insha hii inachunguza namna fosfati adimu za urani kutoka Kobokobo, karibu na Kamituga katika Kivu Kusini, zilivyoainishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Hoja kuu ni kwamba spishi ya madini huthibitishwa na mpangilio wa atomi zake pamoja na sampuli iliyohifadhiwa ili wengine waipime upya. Kwa hiyo, historia ya uainishaji ni pia historia ya mahali sampuli zilipowekwa.

2.0 Asili na Sifa

Kobokobo ni pegmataiti, yaani mwamba wa fuwele kubwa uliotokana na masalia ya mwisho ya magma iliyokuwa ikipoa. Maji yenye oksijeni yalipopenya mwambani, urani iliyeyuka ikiwa katika umbo la ioni ya uranili: atomi moja ya urani kati ya atomi mbili za oksijeni. Ilipokutana na fosfati na alumini, yaliganda madini mapya, mengi yakiwa ya manjano, na yote yakitoa mionzi. Fuwele zake aghalabu ni ndogo mno, tena maji yamo ndani ya muundo wake, na katika baadhi ya madini ya jamii hii maji hayo hupotea hewa ikiwa kavu. Ndiyo maana rangi na uchambuzi wa kikemia pekee havikutosha kuyatenganisha.

3.0 Kutoka Kivuaiti hadi Upalaiti

Mwishoni mwa miaka ya 1950, L. van Wambeke alieleza madini ya uranili, thori na fosfati kutoka Kobokobo, akayaita kivuaiti. Mwaka 1959 Jumuiya ya Kimataifa ya Elimumadini iliunda tume ya kuhakiki madini mapya na majina yake. Kivuaiti haikupata uthibitisho wa kutosha, na hadi leo huhesabiwa miongoni mwa spishi zenye shaka.

Awamu ya pili iliongozwa na Michel Deliens na Paul Piret, waliochapisha mfululizo wa makala kuhusu fosfati hizo. Humo ndimo zilimoelezwa furalumaiti, upalaiti na ranunkulaiti, kisha triangulaiti mwaka 1982 na moroaiti mwaka 1985. Zana yao kuu ilikuwa eksirei.

Upalaiti inaonesha uzito wa zana hiyo. Awali iliwekwa katika mfumo wa fuwele ambao mihimili yake mitatu hukutana kwa pembe mraba. Mwaka 1983, Piret na J.-P. Declercq walionesha kwamba mhimili mmoja umeinama. Fuwele pacha zilikuwa zimeungana kiasi cha kuiga ulinganifu usio wao.

4.0 Uainishaji kwa Tabaka

Muundo ulipofahamika, madini haya yaligawanyika kwa uwazi. Katika thredgoldaiti, uranili na fosfati zimo katika tabaka kwa uwiano wa 1:1, kama katika otunaiti. Katika upalaiti na furalumaiti uwiano ni 3:2, kama katika fosfuranilaiti, na alumini pamoja na maji hukaa kati ya tabaka. Mwaka 1996, Burns, Miller na Ewing walipanga madini ya uranili kwa ujumla kwa kufuata miundo ya aina hii.

5.0 Jina na Ushahidi

Msomaji wa Tanzania anajua tanzanaiti, jina la kibiashara la mwaka 1968; kisayansi, kito hicho ni aina ya zoisaiti. Jina linaweza kuvuma bila kuwa spishi. Kinyume chake, kamitugaiti, iliyoelezwa mwaka 1984, ni spishi inayotambuliwa ingawa haijulikani nje ya duru za wataalamu, huku jina la Kivu lenyewe likibaki juu ya madini yenye shaka.

Sampuli rejea kadhaa za Kobokobo zimehifadhiwa Tervuren, Ubelgiji, katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati. Anayetaka kuhakiki upya uainishaji huo lazima aanzie huko.

6.0 Hitimisho

Kisa cha upalaiti kinathibitisha kwamba uainishaji hurekebishika pale tu ushahidi unapofikika. Kwa vyuo vya Maziwa Makuu, kupata sehemu ya sampuli hizo, au takwimu zake kamili za eksirei, ni sharti la kushiriki katika kuamua madini ya ardhi yao ni nini.