Mikono ya Padri Stefano Kaoze

Baraka haikai mahali pamoja. Wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya kusikia habari za misioni. Mtoto akitaka kwenda safari ya mbali, mzee alimwita, akamtamkia maneno mema, akamwachilia aende. Baraka ilitembea pamoja naye. Mtoto aliyebaki mlangoni alikuwa na haja gani ya baraka ya safari?

Sisi Wakristu tunabarikiwa kila Dominika. Padri ananyosha mkono mwisho wa Misa, tunainama, tunafanya ishara ya msalaba, kisha tunatoka. Wachache wanajiuliza baraka ile imekwenda wapi. Wako hata wanaoishika kama dawa: chupa ya maji ya baraka imefichwa chini ya kitanda, na jirani akiugua hawampi tone moja. Kwa hiyo tumependa kuwakumbusha wasomaji wetu namna baraka ilivyotembea katika nchi ya Tanganyika, tangu ilipofika pwani ya ziwa mpaka ilipokaa katika mikono ya mwana wa nchi.

Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie kule Algiers mwaka 1868, walifika Ujiji mwaka 1879. Kutoka huko walivuka ziwa. Mwaka 1885 walipewa boma la Mpala, lililojengwa mwaka 1883 na Émile Storms, askari Mbelgiji, karibu na mlango wa mto Lufuku. Nchi ilikuwa katika taabu kubwa. Misafara ya watumwa ilipita, vijiji vilichomwa, watoto waliuzwa. Mapadri waliwakomboa baadhi yao, wakawalea katika misioni. Basi Wakristu wengi wa kwanza wa pwani ile walikuwa watu waliopotewa na baba na mama, na baraka ya mzazi hawakuipata tena. Waliipata kwa Kanisa. Tukitaka kufahamu kwa nini watu wale waliishika dini kwa nguvu, tusilisahau jambo hili.

Stefano Kaoze alikuwa Mtabwa, mzaliwa wa milima ya Marungu. Alisoma Mpala, akabatizwa, kisha akaingia seminari. Alipoanza, karne ya 19 ilikuwa haijaisha. Alipomaliza ilikuwa mwaka 1917. Wasomaji wahesabu wenyewe! Alijifunza Kilatini, Kifaransa, filosofia na teolojia, mambo ambayo katika kijiji chake hakuna aliyeyajua hata kwa jina. Na wakati huo wenzake wa umri mmoja walioa, wakajenga, wakazaa. Kwa watu wetu mtu asiye na mtoto ni kama mti uliokatwa, na ukoo unamlilia angali hai. Tunaona kwamba hii ilikuwa sadaka yake kubwa kupita Kilatini chote.

Juu ya hayo, watu wengi hawakuamini. Wazungu wengi wa siku zile, wa serikali hata wa dini, walisema wazi kwamba mtu mweusi hataweza upadri. Atachoka, atarudi nyuma. Askofu Victor Roelens mwenyewe, aliyeanzisha Baudouinville mwaka 1893 na kupewa uaskofu mwaka 1896, hakuwa mtu wa kusifu upesi. Katika maandiko yake kuna maneno makali juu ya watu weusi, na leo tunayasoma kwa uchungu. Hatuna sababu ya kuyaficha. Lakini ni askofu huyohuyo aliyeendelea kulisha na kufundisha seminari mwaka baada ya mwaka, hata wanafunzi walipopungua njiani. Mtu anaweza kuwa na neno kali mdomoni, na Mungu akaitumia mikono yake.

Kaoze hakungoja upadri ili aanze kugawa alichopewa. Angali seminarini aliandika kwa Kifaransa juu ya akili na desturi za Wabantu, na maandiko yake yalichapwa katika La Revue Congolaise, gazeti la Ubelgiji, mwaka 1910 na 1911. Wasomaji wa Ulaya walizoea kusoma habari za watu weusi zilizoandikwa na wageni. Safari hii Mkongo mwenyewe alisema nao.

Tarehe 21 Julai 1917, siku ya Jumamosi, kule Baudouinville, Askofu Roelens alimweka mikono kichwani, akampa upadri. Vita kubwa ilikuwa haijaisha, na askari wa Kongo walikuwa bado ng'ambo ya ziwa. Katika ibada ya siku zile, askofu alipaka mafuta matakatifu katika viganja vya padri mpya, akiomba kwamba yote yatakayobarikiwa na mikono hiyo yawe yamebarikiwa. Kisha mikono ilifungwa kwa kitambaa cheupe. Na desturi ya Kanisa inajulikana: baada ya Misa watu hupiga magoti mbele ya padri mpya kuomba baraka yake ya kwanza, mzee na mtoto, mweupe na mweusi. Mikono iliyofundishwa kushika jembe na mkuki, ambayo wengine waliiona ya kubeba mizigo tu, sasa ilibariki.

Tunasema Kaoze ni padri wa kwanza wa Kongo, na ni kweli kwa habari za Kanisa lililoanzishwa upya katika karne ya 19. Lakini tusiwanyang'anye wazee wa Kongo ya zamani heshima yao. Henrique, mwana wa mfalme Afonso wa Kongo, alichaguliwa kuwa askofu na Papa Leo X mwaka 1518. Tena, jirani zetu wa Uganda walitutangulia kidogo: Basil Lumu na Victor Mukasa walipewa upadri mwaka 1913. Nchi ya Rwanda ilipata mapadri wake wawili wa kwanza tarehe 7 Oktoba 1917, wiki chache tu baada ya Kaoze. Moto ule ulishika mahali pengi kwa pamoja.

Mwaka 1920 Padri Kaoze alifuatana na Askofu Roelens mpaka Ulaya. Mwaka uleule, tarehe 6 Juni, Papa Benedicto XV aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa wenye heri. Baada ya kurudi, Kaoze alifanya kazi ya kila siku ya padri, ile isiyoandikwa katika magazeti: kubatiza, kuungamisha, kutembelea wagonjwa, kutembea milimani kwa miguu. Mwaka 1933 alianzisha misioni ya Kala.

Askofu Roelens alikufa mwaka 1947, naye Padri Kaoze alimfuata mwaka 1951. Miaka mitano baadaye, Novemba 1956, Pierre Kimbondo wa Kisantu aliwekwa askofu, Mkongo wa kwanza wa nyakati hizi, na kazi ya kuwapaka mafuta mapadri wapya ikaingia katika mikono yake.