Shirika la Kitaifa la Nyumba na kitendawili cha makao ya maskini

SHIRIKA la Kitaifa la Nyumba, linalojulikana sana kwa herufi NHC, ni asasi ya serikali ya Kenya iliyotwikwa jukumu la kuwapatia wananchi makao ya bei nafuu. Chimbuko lake ni Halmashauri Kuu ya Nyumba, iliyoundwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1953. Jina la sasa lilianza kutumika mwaka wa 1967.

Kwa miongo kadhaa, NHC ilitekeleza wajibu wake kwa njia tatu. Ilizikopesha serikali za mitaa pesa za kujengea nyumba za kupangisha. Ilijenga nyumba ambazo mpangaji hulipa kila mwezi hadi bei itimie, kisha akamilikishwa. Na ilitoa mikopo kwa waliotaka kujenga mashambani. Njia ya kwanza ilikwama mabaraza mengi yaliposhindwa kurejesha mikopo.

Hata hivyo, uhaba wa pesa si kizingiti pekee. Fumbo gumu zaidi ni nani hasa hukabidhiwa ufunguo nyumba inapokamilika. Mfano unaotajwa mara nyingi ni mtaa wa Nyayo Highrise, uliojengwa na NHC pembezoni mwa Kibera, Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ulikusudiwa kuwafaa wakazi wa mabanda, lakini gharama yake iliwazidi kimo, na nyumba nyingi zikaishia mikononi mwa watu wa tabaka la kati.

Mwaka wa 2004 serikali ilizindua mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda kwa ushirikiano na shirika la UN-Habitat, nia ikiwa ni kuwabakisha wakazi wenyewe. Septemba 2009, familia za Soweto Mashariki, Kibera, zilianza kuhamishiwa nyumba 600 za muda zilizojengwa Lang'ata ili kupisha ujenzi. Nyumba mpya 822 zilikabidhiwa Julai 2016, takriban miaka saba baadaye.

Kati ya matukio hayo mawili, msingi wa kisheria ulibadilika. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kupata makao yanayofaa. Suala la nani agharimie haki hiyo lilifika mahakamani: Novemba 2023, Mahakama Kuu iliamua kwamba ada ya nyumba iliyotozwa chini ya Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilikiuka Katiba. Bunge likapitisha Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa saini Machi 2024. Sheria hiyo inamtoza mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara, naye mwajiri huongeza kiasi sawa na hicho. NHC ni miongoni mwa asasi zilizotengewa mgao wa fedha hizo.

Sheria hiyo imewagawa wanufaika kwa mapato. Wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi wametengewa nyumba za jamii, nao wa kati ya Sh20,000 na Sh149,000 nyumba za bei nafuu. Mei 2025, nyumba 1,080 zilikabidhiwa wenyewe Mukuru, Nairobi, chini ya mpango huo wa serikali.

Lakini hata nyumba ya jamii humtaka mkazi awe na cha kulipa kila mwezi, na hapo ndipo kundi moja husalia nje. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 kote nchini. Hao huhudumiwa na hazina ya urekebishaji iliyoundwa mwaka wa 2003, iliyo tofauti na mpango wa nyumba. Iwapo asasi hizo mbili hazitaunganishwa, asiye na paa ataendelea kuhesabiwa katika daftari moja huku nyumba zikigawanywa katika daftari jingine.