Watoto mahabusu katika picha: Mbale na Jinja

Mbale, mji ulio chini ya Mlima Elgon, una mahabusu ya watoto inayohudumia Uganda ya Mashariki. Jinja, takriban kilomita 150 kwa barabara, kwa upande wa magereza, inajulikana kwa gereza la watu wazima la Kirinya. Hivyo mzazi anayeishi mbali na Mbale, kama vile Jinja, lazima atafute nauli ndipo amwone mwanawe.

Sheria ya Watoto ya 1996, iliyorekebishwa 2016, inaanza kumwajibisha mtoto kwa jinai akiwa na miaka 12. Inaweka pia kikomo cha muda wa kusubiri kesi kizuizini, kirefu zaidi kwa kosa lenye adhabu ya kifo. Sheria hiyo inalinda pia utambulisho wa mtoto aliye mahakamani, na hapo ndipo mpiga picha anapobanwa.

Wapo walioikabili kwingine kazi hii ya kuwapiga picha watoto walioshikiliwa. Mmarekani Richard Ross alificha nyuso katika kitabu chake *Juvenile in Justice* (2012). Mhispania Fernando Moleres aliwapiga picha vijana wa gereza la Pademba Road, Freetown, nyuso zikionekana. Ni kazi yenye nguvu, lakini si ya kuigwa Mbale. Huku kamera ielekee viganja, ndala mlangoni, sare zilizoanikwa, godoro wanalolalia wawili.

Maelezo ya picha yataje muda ambao mtoto ameshikiliwa. Bila hayo, msomaji hawezi kujua kama sheria imevunjwa.